Ukosi wa Inchi Nne na Nusu

Nina ungamo la kufanya mbele ya wanachama wenzangu. Katika miezi ambayo nilipaswa kuwa nikiandika sura ya tatu ya tasnifu yangu, inayohusu maleba katika tamthilia ya Kiswahili, nilikuwa nikitazama marudio ya mchezo wa runinga wa Wamarekani uliokwisha kabla sijazaliwa, na kabla wazazi wangu hawajajuana. Msimamizi wangu, mtu aliyejaliwa subira ya Ayubu, aliponiuliza kwa nini kurasa haziongezeki, nilimjibu kwamba ningali nakusanya data. Nilisema nusu ya kweli. Maleba nilikuwa nikiyatazama, tena kwa makini ambayo sijapata kuyaelekeza kwenye kitabu chochote. Ila hayakuwa maleba ya Kiswahili, wala walioyavaa hawakujua kuwa ni maleba. Wao walidhani ni nguo.

Mchezo wenyewe uliitwa Match Game. Shirika la CBS lilianza kuuonyesha mnamo Julai 1973, ukiwa ni ufufuo wa mchezo wa jina hilohilo uliokuwa NBC baina ya 1962 na 1969. Kanuni zake hata mtoto wa chekechea angezifahamu. Washindani ni wawili. Mbele yao wameketi watu mashuhuri sita, watatu juu na watatu chini, kama mitungi kwenye rafu. Mtangazaji, bwana mmoja mrefu mkondefu aitwaye Gene Rayburn, husoma sentensi yenye pengo, na mshindani hutakiwa kulijaza kwa neno analodhani wale sita wameliandika kwenye kadi zao. Kila anayelingana naye humpa pointi moja, na atakayeibuka mshindi huenda kwenye duru nyingine ambako, Mola akimjalia, anaweza kuondoka na dola 5,000.

Sisi tuliolelewa na mazoezi ya kujaza mapengo tangu darasa la pili tungewashinda wote, isipokuwa kwamba mapengo ya Rayburn aghalabu yalitungwa makusudi ili neno la kwanza lijalo akilini liwe lile lisilotamkika mbele ya wakwe. Umati ulijua, wale sita walijua, mshindani alijua, na kila mmoja akajifanya hajui. Huo ndio uliokuwa utamu wake, na kwa miaka kadhaa mchezo huu uliongoza vipindi vyote vya mchana nchini Marekani.

Kuna jambo moja lililonipendeza kupita kiasi: mwaka ulikuwa sehemu ya jina. Ulianza ukiitwa Match Game 73, ukawa 74, ukawa 75, hivyo hivyo hadi 79, na kila Januari tarakimu zikabadilishwa. Picha za harusi za watu wetu hazina tarehe. Ukimwuliza mzee suti ile aliivaa lini, atakwambia “zamani kidogo”, nawe utabaki kukisia kwa kutazama upana wa suruali. Lakini hawa waliketi chini ya bango linalotaja mwaka wao kwa taa. Hakuna koti humo linaloweza kuukana umri wake. Ni ushahidi uliotiwa muhuri.

Marudio haya yamepita njia ndefu kunifikia. Mwezi Desemba 1994 Wamarekani walianzisha idhaa nzima ya kurudia michezo ya namna hii, Game Show Network, na mwaka 2015 ikaja nyingine, Buzzr. Kutoka huko vipindi vimemwagika mtandaoni, na mtu akiwa na kipakatalishi, vifurushi vya usiku na tasnifu anayoikimbia, anaweza kuvitazama hadi adhana ya alfajiri.

Sasa tuingie kwenye kabati. Tuanze na mtangazaji, maana ndiye aliyesimama. Rayburn alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, umri ambao kwetu mtu hutarajiwa kuvaa kanzu nyeupe au suti ya kijivu na kuanza kutoa nasaha. Yeye hutokea amevaa koti la mirabaraba, ukosi wake mpana mithili ya mabawa ya kipanga anayekaribia kutua, na juu ya ukosi huo umelala ukosi mwingine, wa shati, ambao ncha zake zimekaribia kufika begani. Tai ni pana kiasi kwamba mtu angeweza kuandalia chai juu yake. Mkononi ameshika maikrofoni ndefu nyembamba kama ufito wa kuswagia mbuzi. Nyuma yake kila kitu ni rangi ya machungwa. Mara ya kwanza nilidhani skrini yangu imeharibika. Nikafungua ukurasa mwingine nione kama nayo habari ya kawaida imekuwa ya machungwa. La, ilikuwa nyeupe. Ni 1974 iliyokuwa ya machungwa.

Katika safu ya juu hukaa Brett Somers na Charles Nelson Reilly, wakigombana kama wakewenza waliozoeana. Bi. Somers huvaa miwani yenye fremu kubwa kama visahani vya vikombe, na nywele zake hubadilika toka kipindi hadi kipindi kwa njia ambayo nywele zinazoota kichwani haziwezi. Reilly, ambaye mwaka 1962 alikuwa ametuzwa Tony kwa uigizaji wake jukwaani, naye ana miwani yake mikubwa, skafu shingoni, na mara nyingi kofia ya nahodha ingawa hakuna bahari karibu. Chini yao ni Richard Dawson, Mwingereza, nadhifu kupindukia, sweta ya shingo ndefu ndani ya koti, akitazama kadi yake kama hakimu anayesoma hukumu. Kandoni mwake mara huketi Betty White, na mara Fannie Flagg, aliyekuja na sweta na fulana zenye picha za kuchekesha zilizobandikwa kifuani. Flagg ndiye huyo aliyeandika riwaya ya Fried Green Tomatoes at the Whistle Stop Cafe mwaka 1987. Nimewahi kujiuliza kama yupo mwandishi wetu wa riwaya ambaye angekubali kuonekana hadharani na picha ya namna hiyo kifuani. Sikupata hata mmoja.

Ilinichukua majuma kadhaa kutambua hila moja. Wale sita hukaa pamoja wiki nzima, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila siku wamevaa nguo nyingine. Mwisho wa kipindi Rayburn huagana na watazamaji hadi kesho. Kumbe vipindi vingi vilikuwa vikirekodiwa siku moja, kimoja baada ya kingine. Kesho ya Rayburn ilikuwa mwendo wa kwenda chumba cha nyuma, kuvua koti la mirabaraba, kuvaa la mistari, na kurudi. Mapumziko ya chakula yalikuwapo, na kwa jinsi sauti za wale wa safu ya juu zilivyochangamka “Alhamisi” na “Ijumaa”, chakula hicho hakikuteremshwa kwa maji matupu. Hapo nikajisahihisha kuhusu nilichosema kwenye ungamo langu. Yalikuwa maleba, tena ya haki: koti liliigiza Jumanne na sweta ikaigiza Jumatano. Niliandika ukurasa mzima juu ya hilo usiku ule, nikiwa na furaha ya mtu aliyevumbua moto, kisha nikakumbuka kwamba tasnifu yangu inahusu tamthilia ya Kiswahili.

Mambo yangekomea hapo, yaani katika kicheko cha mtu peke yake usiku, lau ami yangu hakuja Nairobi.

Ami ni kaka mkubwa wa marehemu baba. Ana miaka sabini na kitu, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Tarehe aliyopewa kwao Mombasa ilikuwa mbali, huku ikapatikana ya karibu, basi akaja na mkoba wake mmoja na mto wake mwenyewe, kwa kuwa haamini mito ya watu wa bara. Chumba changu ni kimoja. Nilimwachia kitanda, nikalala sakafuni, na usiku wa kwanza, nikidhani amesinzia, nikafungua kipakatalishi na kupunguza sauti.

“Nani huyo anayecheka?” akauliza gizani.

“Samahani, Ami. Ni mchezo tu wa zamani wa Wamarekani. Nauzima.”

“Usizime. Lete hapa.”

Akaisogeza ile skrini hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Kiingereza chake ni cha kuuzia watalii, na ucheshi wa mapengo haukumfikia hata kidogo. Alitazama kimya dakika tatu nne. Halafu akasema: “Huyu aliyesimama, sura yake siioni. Lakini koti naliona. Bega la kushoto limevutwa. Fundi alikuwa na haraka.”

Hapana budi nieleze. Ami alikuwa fundi cherehani. Alianza uanagenzi mwaka 1971 barazani mwa duka la vitambaa katika barabara ya Biashara, Mombasa, akiwa kijana wa kuokota mabaki na kutia makaa kwenye pasi, na kufikia 1974 alikuwa na cherehani yake na wateja wanaomngoja. Mwaka uleule ambao mimi niliuona kama mkasa wa rangi, yeye aliukumbuka kama mwaka aliopata pesa yake ya kwanza ya maana. Vijana walimjia na majalada ya santuri chini ya kwapa, wanamwonyesha mwimbaji na kumwambia, nishonee kama hii. Wengine walitoka sinema moja kwa moja, wakichora kwa mikono hewani. Bugaluu alizishona hata akapoteza hesabu: kiuno cha nyigu, paja la kubana, halafu kuanzia gotini kitambaa kinafunguka hadi inchi ishirini na nne chini, kiatu kisionekane. Kitambaa kilikuwa tetroni au krimplini, nguo zisizojua kujikunja. Sifa yake ni kwamba waweza kuikalia siku nzima katika basi la Malindi ushuke kama uliyetoka kupigwa pasi. Kasoro yake ni kwamba kufikia Malindi utakuwa umechemka ndani yake kama kiazi.

Mimi nilikuwa nimejifunza kitabuni kwamba poliesta iligunduliwa na Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, mwaka 1941. Nikamweleza. Akauliza kama waliwahi kuivaa Mombasa mwezi wa Februari.

Tangu usiku huo tukawa na ratiba. Baada ya isha ananiuliza, “Wapi Bwana Makoti?” nami namfungulia Rayburn. Sikupata kuutazama tena mchezo ule kwa jinsi niliyokuwa nikiutazama. Mimi nilipokuwa nikicheka rangi, yeye alitazama mishono. “Simamisha hapo,” husema. “Tazama mfuko. Mraba wa mfuko na mraba wa koti vimekutana, haukukatika. Kitambaa cha miraba hula jora. Hapo mtu ametupa yadi nzima ili mraba ukutane.” Koti ambalo nilikuwa nimelichora katika daftari langu kama mfano wa kichaa cha mavazi, kwake lilikuwa kazi ya siku tatu ya mtu anayejua kazi. Jingine, la buluu tupu, ambalo mimi niliona ndilo pekee la kiungwana, alilipuuza kwa mkono: “Hilo ni la kiwanda.”

Lakini msidhani tuliafikiana kwa yote. Wageni wa kiume wa safu ya juu mara nyingi huja na suti ya shati: koti lisilo na bitana, mifuko iliyobandikwa nje, haina tai. Wamarekani wa katikati ya miaka ya sabini waliipenda mno. Ami alipoiona akaketi wima. “Mbona huyu amevaa Kaunda suti?” Nikasema ile si Kaunda suti, Wamarekani wana jina lao. “Jina lao! Kaunda alikuwa rais tangu 1964. Hii ni 1975, imeandikwa pale juu. Nani aliyemwiga mwenzake?” Nilijaribu kumweleza kuhusu makoti ya safari ya wawindaji na maafisa wa kikoloni, kwamba huenda wote wawili, Kaunda na Mmarekani, wamechota katika kisima kimoja. Alinitazama kwa huruma ambayo wazee huitunza kwa ajili ya watu waliosoma sana. Kwa kuchokoza nikamkumbusha kwamba Novemba 2023 Spika wa Bunge letu la Taifa, Moses Wetang’ula, aliipiga marufuku Kaunda suti bungeni. Akasema angemshonea Spika moja nzuri na neno hilo lingekwisha.

Kuhusu marufuku, nilikuwa na habari nyingine ya kumpa. Mwaka 1973, mwaka huohuo Rayburn alipoanza kutembeza suruali zake mbele ya kamera za Los Angeles, serikali ya Kamuzu Banda nchini Malawi ilipitisha sheria ya mavazi: mwanamke asivae suruali wala sketi fupi, na mwanamume asivae bugaluu. Sheria hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990. Nikawaza kwamba katika safu zile mbili za watu mashuhuri, Bi. Somers na suruali zake angefika Blantyre na kurudishwa kwa ndege ileile, na nusu ya wanaume wangemfuata. Ami hakucheka. Alisema alikuwa na mwenzake barazani, Mmalawi, aliyekuwa akishona bugaluu mchana kutwa na kila alipopeleka zawadi kwao akapeleka suruali za mguu mwembamba. “Alikuwa akizikata huku anasonya,” akasema.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji siku ya Jumanne. Jumatano wakamtoa kitambaa. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikimtia dawa ya matone mara nne kwa siku, naye akikatazwa kuinama, kubeba na kujikuna. Kazi iliyobaki ilikuwa Match Game. Usiku huo nilimfungulia kipindi ambacho tulikuwa tumekwisha kukitazama. Alifumba jicho bovu, akatazama kwa lile jipya, akafumba jipya, akatazama kwa bovu, akafanya hivyo mara tatu au nne kama mtoto anayechezea swichi ya taa.

“Lile koti,” akasema. “Juzi lilikuwa la kahawia.”

“Halikuwa la kahawia, Ami. Ni la zambarau.”

“Zambarau!” Akaitazama skrini tena, kinywa wazi. “Mwanamume mzima!” Na hapo ndipo, baada ya wiki mbili za mihadhara kuhusu mabega na miraba, alipocheka. Alicheka hadi nikaogopa mshono wa jicho. Daktari alikuwa amenieleza kwamba mtoto wa jicho huzipaka rangi zote unjano na ukahawia, na kwamba buluu na jamaa zake ndizo hupotea kabla ya nyingine. Sikuwa nimefikiria maana yake. Mzee wa watu alikuwa amemheshimu Rayburn kwa sababu alidhani amevaa kahawia.

Ni katika siku hizo za matone aliponieleza sehemu ya pili ya hadithi, ambayo mimi, mwanawe, sikuwa naijua sawasawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko letu lilifunguliwa, na marobota ya mitumba yakaanza kushuka bandarini kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Kila msomaji wa kurasa hizi amevaa mtumba. Mimi nauvaa ninapoandika sentensi hii. Viwanda vya nguo vililemewa kwa sababu nyingi, na mitumba ilikuwa mojawapo. Rivatex cha Eldoret, kilichokuwa fahari ya miaka ya sabini, kilikwama, hata mwaka 2007 kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi. Hayo yanaandikwa vitabuni. Yasiyoandikwa ni ya barazani. Mteja aliyekuwa akileta jalada la santuri sasa alileta suruali aliyoinunua Kongowea kwa bei ya chini kuliko ujira wa kushona mfuko, akasema: nipunguzie kiuno. Mwaka 1996 Ami akauza cherehani moja kati ya mbili, kulipa karo ya kidato cha tatu ya binti yake. Iliyobaki akaitumia miaka ishirini na zaidi kubana nguo za watu wa mbali.

“Mimi niliyekuwa nikitanua,” alisema, “nikaishia kupunguza.”

Katika robota za mwanzo, aliniambia, nguo nyingi zilikuwa za zamani, zilizokaa makabatini huko miaka kumi au ishirini. Alikuwa akizifumua. Anakumbuka koti la miraba, ukosi kama sahani, bitana ya kuteleza, mraba umekutana mfukoni. Mteja alitaka ukosi ukatwe uwe mwembamba, wa kisasa. Akaukata. “Niliyaweka yale mabaki siku mbili tatu. Sijui nilikuwa nayawekea nini.”

Pwani wapo waliokuwa wakiziita nguo hizo kafa Ulaya, kwa dhana kwamba mwenyewe amekufa ndipo zikafungwa robota. Baada ya hadithi hiyo Ami alianza kuniuliza, kila mtu alipotokea kwenye skrini, “Huyu yu hai?” Rayburn, nikamwambia, alifariki mwaka 1999. Bibi wa miwani? 2007. Na huyu wa kofia ya nahodha? 2007 vilevile, waligombana hata kwenye mlango wa kaburi. Mwingereza? 2012. Na huyu anayetabasamu? Betty White, siku ya mwisho ya mwaka 2021, akiwa na miaka tisini na tisa. Akawa kimya.

“Basi huenda koti nililolikata ni lake huyu Bwana Makoti.”

“Haiwezekani, Ami. Wewe ulilikata miaka ya tisini mwanzoni. Yeye alikufa 1999.”

“Mzungu hangoji kufa ndipo aache koti,” akasema.

Sikuwa na hoja. Hata hivyo baada ya kulala niliketi nikatazama kipindi kimoja peke yangu bila sauti, na nikajaribu kuona kila koti kama kitu ambacho baadaye kitakunjwa, kifungwe kamba za chuma, kipakiwe kontena, kishuke Kilindini, kining’inizwe Kongowea, na kifike mbele ya mtu mwenye mkasi ambaye ana kila sababu ya kukichukia. Ukitazama hivyo huwezi kucheka kwa wepesi uleule. Nilicheka bado, lakini.

Nisije nikaonekana mtu aliyeongoka. Mimi pia nimo katika mkasa huu. Ami, jicho lake jipya lilipozoea mwanga, aliligeuza kwangu. Alitazama suruali yangu, ile ambayo rika langu lote lilivaa tulipokuwa shahada ya kwanza, mguu kama mfereji wa kalamu. “Imekushika kama mdai,” akasema. “Waivaaje, kwa sabuni?” Nikamwambia ndiyo mtindo. Akaniuliza ulikuwa mtindo mwaka gani. Nikahesabu, nikagundua kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza ninaowafundisha mafunzo ya ziada wanavaa suruali pana zinazofagia sakafu, na kwamba wiki iliyopita wawili kati yao walinitazama miguuni wakatazamana. Laiti wangekuwa na bango la taa juu ya kichwa changu, wangesoma 2016.

Jicho la pili lilifuata baada ya wiki tano. Siku iliyofuata kutolewa kitambaa, Ami aliomba sindano na uzi. Nilimpa ile ninayoshonea vifungo. Akaulowesha uzi ulimini, akaunyoosha, akaupitisha tunduni mara ya kwanza. Kisha akauchomoa, akaupitisha tena. Nilijitia kusoma. Alifanya hivyo mara sita, nadhani, bila kusema neno, akaichomeka sindano kwenye pindo la pazia langu.

Halafu akafungua ule mkoba, na chini kabisa, chini ya shuka na msahafu, akatoa kanda ya kupimia. Ilikuwa imefifia hata tarakimu za mwanzo hazisomeki. Nikashangaa kwamba mtu aliyekuja kwa sababu haoni alikuwa amesafiri nayo.

“Simama wima. Mahafali yako lini?”

“Nikimaliza sura ya tatu, Ami.”

“Maliza.”

Akapima bega, mkono, kifua, kiuno, akiyataja mafungu kwa sauti, nami nikiandika nyuma ya rasimu yangu, ambayo hatimaye ikawa na data ya kutegemewa. Suruali alipima mara mbili, na mara ya pili niliona kanda ikilegea sana kuanzia gotini.

“Ukosi tuuweke inchi ngapi?” nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza matokeo ya mtihani.

“Nne na nusu.”

“Ami, siku hizi watu huvaa mbili na nusu. Hata tatu…”

“Nne na nusu,” akasema, akaandika mwenyewe.

Alirudi Mombasa Ijumaa kwa treni, akiwa dirishani, akinisomea kwa simu majina ya vituo kadiri alivyoyaona. Sura ya tatu imefika kurasa arobaini, na imo aya moja kuhusu nguo inayoigiza siku, ambayo msimamizi ameizungushia duara na alama ya kuuliza. Kitambaa kimekwisha kununuliwa, sikuambiwa rangi. Kwa muda nilijiliwaza kwamba siku yenyewe nitakuwa ndani ya joho, na joho ni sitara kubwa, jeusi, refu, halibagui.

Juzi usiku akanipigia simu. Nyuma yake nilisikia cherehani ikilia, nikajua yupo mjukuu anayeikanyaga.

“Hilo joho lenu,” akasema, “lafungwa mbele au laachwa wazi?”

Lina ndoano mbili shingoni, na mwenye kutaka anaweza kulifunga hadi kifuani. Nilifikiria kidogo.

“Laachwa wazi, Ami,” nikamwambia.